Kijana Asiyevumilia Sauti: Aadabishwe, Alindwe au Azoeshwe?

Tuchukue nyumba tatu. Katika ya kwanza, mvulana wa kidato cha pili amehamishia sahani yake jikoni kwa sababu hawezi kumsikia baba yake akinywa chai. Katika ya pili, msichana hujifunika mto kichwani kila gari la matangazo linapopita mtaani, na sufuria ikianguka jikoni hushika masikio huku machozi yanamtoka. Katika ya tatu, kijana wa darasa la saba hutokwa jasho dakika kumi kabla kengele ya shule haijagongwa. Wazazi wa nyumba zote tatu, wakieleza shida yao kwa mwalimu au kwa daktari, watasema neno moja: mtoto hapendi kelele.

Majirani nao wana majibu tayari. Ana kiburi. Ana mapepo. Ana usonji. Masikio yamemharibika kwa hizo hedifoni. Siku hizi limeongezeka jibu la tano, misofonia, lililoletwa na video fupi za kwenye simu, ambalo vijana wengine hulitumia kwa kila sauti inayowaudhi. Mzazi anayetafuta ushauri hukutana na mapendekezo yanayopingana: mmoja anamwambia asimwendekeze, mwingine amnunulie vizibo vya masikio, wa tatu ampeleke akazoeshwe. Kila pendekezo lina watu lililowafaa na watu lililowadhuru, na sababu ya kwanza ni kwamba watoto wa nyumba hizi tatu hawaumwi kitu kimoja.

Matatizo yanayofanana kwa nje

Msichana anayelia sufuria ikianguka ana dalili za kile ambacho wataalamu wa usikivu hukiita haipakusia. Hapa shida ni ukubwa wa sauti. Mtu wa kawaida huanza kuona sauti inamkera masikio ikifika karibu desibeli 100. Mwenye haipakusia hufika mpaka huo mapema zaidi, kwenye sauti ambazo wenzake huzisikia bila kujali. Haidhuru sauti inatoka kwa nani. Chanzo kinaweza kuwa sikio lililojeruhiwa na kelele, kipandauso, au kupooza kwa neva ya uso, ambayo ndiyo inayoendesha msuli mdogo wa sikio la kati unaopunguza makali ya sauti kubwa. Watoto waliozaliwa na sindromu ya Williams wengi wao huwa nayo. Yapo pia magonjwa adimu ya sikio la ndani: mwaka 1998 Lloyd Minor na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, walieleza ugonjwa wa tundu kwenye mfupa wa mfereji wa sikio la ndani, ambao humfanya mgonjwa apate kizunguzungu kwa sauti kubwa na wengine wasikie hata macho yao yakigeuka. Mgonjwa wa namna hiyo, bila kupimwa, angeonekana ana wazimu.

Mvulana aliyekimbilia jikoni ana jambo jingine. Anaweza kukaa mbele ya spika za muziki wa singeli bila shida, lakini mfyonzo wa chai, ambao hata haufiki robo ya kelele hiyo, unamjaza hasira. Hii ndiyo misofonia, jina lililotolewa mwaka 2001 na Pawel na Margaret Jastreboff, watafiti waliokuwa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Sauti zinazowasha hasira hiyo ni chache na mara nyingi hutoka kwa watu: kutafuna, kuvuta kamasi, kukohoa kidogokidogo ili kusafisha koo, kubofya kalamu, kuburuza ndala. Mara nyingi mtu wa karibu ndiye anayeudhi kuliko mgeni, na kijana mwenyewe akitafuna haimsumbui. Wagonjwa 575 waliochunguzwa katika kliniki ya Amsterdam walieleza kwamba mambo yalianza, kwa wastani, wakiwa na umri wa miaka 13. Ndiyo maana wazazi wengi husema mtoto alikuwa akila vizuri na wenzake mpaka alipobadilika ghafla, na ndiyo maana ni rahisi kudhani kwamba ni ukaidi wa umri.

Wa tatu, anayetokwa jasho kabla ya kengele, anaogopa sauti ambayo bado haijalia. Hofu ya namna hii huwapata vijana wengi wenye usonji, ingawa si wao peke yao. Leo Kanner, daktari aliyeandika maelezo ya kwanza yanayojulikana sana ya usonji mwaka 1943, aliona kwamba watoto aliowachunguza walitishwa na mashine za kufagilia na za kupigia mayai, lakini watoto haohao walifurahi kupiga kelele kubwa kama hizo wao wenyewe. Alihitimisha kwamba kinachowatisha ni sauti kuwavamia. Ilichukua miaka 70 mpaka mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, uingize wepesi wa hisi katika vigezo vya usonji.

Kijana mmoja anaweza kuwa na mawili kati ya haya, hata yote matatu. Lakini kuwa na misofonia hakumaanishi kuwa na usonji, na mzazi hana haja ya kuruka kutoka kwenye chai ya baba hadi kwenye hitimisho hilo.

Kinachotokea ndani

Kwa muda mrefu misofonia ilidhaniwa kuwa tabia tu. Mwaka 2017 Sukhbinder Kumar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwaweka watu 20 wenye tatizo hilo kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwasikilizisha sauti za kutafuna na za kupumua. Sehemu iitwayo insula, inayoupa ubongo habari za hali ya mwili na kuamua kipi kinastahili kuangaliwa, iliwaka kupita kiasi, mapigo ya moyo yakaongezeka na ngozi ikatoa jasho. Watu wengine waliosikia sauti hizohizo hawakuonyesha mabadiliko ya aina hiyo. Mwaka 2021 timu hiyo ilirudi na jambo la kushangaza zaidi: kwa wenye misofonia, sehemu ya ubongo inayosikia imeungana kwa nguvu isiyo ya kawaida na sehemu inayoendesha midomo na taya. Maelezo yao ni kwamba mtu anaposikia mwingine akitafuna, ubongo wake unaigiza tendo hilo, naye anahisi kama mdomo wa mwenzake umeingia katika mwili wake bila ruhusa.

Utafiti mwingine, wa Santa Cruz, California, uliotoka mwaka 2019, uliwachezea wanafunzi sauti zinazokera pamoja na video zinazodanganya chanzo chake: mkwaruzo wa kucha ubaoni, kwa mfano, ulioneshwa kana kwamba unatoka kwenye filimbi. Sauti ileile ilipungua kuudhi ilipodhaniwa ni filimbi. Kwa hiyo sikio peke yake haliamui. Maana ya sauti ina sehemu yake.

Misofonia si tatizo la watu wachache. Watafiti wa King's College London na Oxford walikadiria mwaka 2023 kwamba watu wazima 18.4% nchini Uingereza wana dalili zinazowaletea usumbufu wa maana, na wengi wao hawajawahi kulisikia jina hilo. Takwimu hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu: si wote hao wanaohitaji tiba. Wanaohitaji msaada wa kitaalamu ni wale walioacha kula na familia, walioporomoka kimasomo au walioanza kujidhuru.

Pamoja na ushahidi huo, misofonia haimo katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wala katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Mwaka huohuo jopo la wataalamu lilichapisha fasili ya makubaliano, jambo linalosaidia watafiti kuelewana, lakini kwa familia hali ni ileile: ugonjwa usio na namba kwenye orodha ni vigumu kulipiwa na bima na ni rahisi kukataliwa na shule.

Wanaosema aadabishwe

Msimamo huu hudharauliwa upesi mno. Ana hoja anayeuliza kwa nini nyumba nzima igeuke kwa ajili ya mtu mmoja. Katika familia nyingi za pwani, na nyingine nyingi barani, chakula huliwa kwenye sinia moja, na kujitenga wakati wa futari au siku ya sikukuu si jambo dogo: ni kuwaambia wakubwa kwamba wananuka au wanatia kinyaa. Bibi hawezi kufundishwa upya kutafuna akiwa na miaka sabini, tena kwa meno yaliyobaki. Wadogo wa kijana huyo nao wana haki ya kuvuta kamasi wakiwa na mafua bila kurushiwa kiatu.

Palipo na udhaifu ni kwenye dhana kwamba kijana anachagua. Mapigo ya moyo yaliyopimwa Newcastle hayachaguliwi. Kumlazimisha akae mpaka sahani ziishe, huku wengine wakitafuna kwa makusudi ili "azoee", kunamfundisha kitu kimoja tu: kwamba sauti hiyo huja pamoja na fedheha. Kesho yake hasira itaanza atakaposikia sahani zikipangwa. Vivyo hivyo kwa tiba za kutoa mapepo zinazofanywa kwa ngoma na kelele: kwa mwenye haipakusia ni mateso ya moja kwa moja.

Hata hivyo kuna kitu cha kubaki nacho hapa. Hisia haichaguliwi, ila tusi na kofi vinaweza kuzuiwa. Familia zinazoutenganisha mwili wa kijana na mwenendo wake hupata mahali pa kusimama: "Tunajua inakuumiza, na hatutakuita mkaidi. Kumtukana nyanya yako hapana." Kijana aruhusiwe kuondoka kwa neno la heshima lililokubaliwa mapema, bila kupiga mlango na bila kuelezea kila mara anachokimbia.

Wanaosema alindwe

Ulinzi una sifa ambayo tiba nyingine hazina: hufanya kazi leo. Vizibo vya masikio vya sponji vinapatikana kwa bei ndogo. Vikinga sauti vya masikioni, vile vinavyovaliwa na mafundi wa mashine, humwezesha mtoto mwenye usonji kuvuka stendi ya mabasi au kuhudhuria arusi ya shangazi yake. Nchi nyingine zimeyapa mambo haya nguvu ya kisheria. Nchini Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inaidai shule ifanye marekebisho ya busara kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, na kanuni za mitihani huruhusu chumba cha peke yake au vizibo visivyo vya umeme. Nchini Marekani, Kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973 hutumika kwa namna hiyohiyo.

Tatizo ni kwamba sikio linajirekebisha kulingana na linachokipata. Mwaka 2003 Craig Formby na wenzake, Marekani, waliwagawa watu wenye usikivu wa kawaida: wengine wavae vizibo kwa wiki mbili, wengine wavae vifaa vinavyotoa mvumo mdogo. Waliovaa vizibo walitoka wakiona sauti ni kubwa zaidi kuliko mwanzo. Waliosikilizishwa mvumo walitoka wakivumilia zaidi. Kevin Munro na Jacqueline Blount wa Manchester walionyesha mwaka 2009 kwamba siku saba za kizibo kimoja zinatosha kubadilisha hata kiwango cha sauti kinachoamsha msuli wa kujikinga wa sikio. Watu hao walirudi katika hali yao, lakini somo kwa mzazi liko wazi: kizibo kinachovaliwa kutwa nzima, chumbani mlimo kimya, kinaweza kuongeza ugonjwa ambao kilinunuliwa kuutuliza. Kwenye sherehe ya kigodoro mtaani au karibu na genereta, kizibo ni sahihi kabisa, na hata asiye mgonjwa angefaa kukivaa.

Hedifoni zina mtego wake. Kijana anayetumia muziki kufunika sauti za mezani hupandisha sauti kidogo kidogo. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Desibeli 90 kwa saa nne tu. Desibeli 100 kwa dakika 20. Kijana wa misofonia anaweza kujitengenezea ugonjwa wa masikio ambao hakuwa nao.

Kuna pia gharama ya nyumbani. Leo anakula peke yake, mwezi ujao mama hatafuni karanga akiwepo, baadaye baba anazuiwa kukohoa. Eli Lebowitz wa Chuo Kikuu cha Yale, anayeshughulikia watoto wenye wasiwasi, amechunguza kwa miaka mingi jinsi mzazi anavyojikuta akilitumikia tatizo la mtoto. Katika utafiti wake wa mwaka 2020 uliohusu watoto 124, kuwafundisha wazazi peke yao kupunguza utumishi huo na kumwonyesha mtoto kwamba wanamwamini kulileta matokeo sawa na kumtibu mtoto mwenyewe. Utafiti ule ulihusu wasiwasi, si misofonia, kwa hiyo usichukuliwe kama dawa iliyothibitishwa hapa. Lakini yeyote aliyeona nyumba ikinyamaza chumba kimoja baada ya kingine ataitambua njia hiyo.

Wanaosema atibiwe na kuzoeshwa

Kambi hii ina takwimu nyingi zaidi, na zinahitaji kuchujwa. Jastreboff na mkewe walitangaza mwaka 2014 kwamba 152 kati ya wagonjwa wao 184 wa misofonia, yaani 83%, walipata nafuu kwa njia yao ya ushauri pamoja na sauti za chinichini. Ni idadi ya kuvutia, lakini hakukuwa na kundi la kulinganishia. Hatujui wangapi wangepata nafuu wenyewe.

Waholanzi wa Amsterdam walikwenda kwa tahadhari zaidi. Utafiti wao wa mwaka 2017 kwa wagonjwa 90 ulionyesha kwamba 48% walipungukiwa na dalili kwa tiba ya utambuzi na tabia inayotolewa katika makundi. Kisha, mwaka 2021, walichapisha jaribio la watu wazima 54 waliogawanywa kwa bahati nasibu: 37% ya waliotibiwa walipata nafuu ya wazi, na katika waliowekwa kwenye orodha ya kusubiri hakupata hata mmoja. Kati ya 83% na 37% kuna tofauti kubwa, na inayostahili kuaminiwa zaidi ni hiyo ndogo.

Inafaa kutazama kilichofanyika katika makundi hayo, kwa sababu neno "kuzoeshwa" linapotosha. Mgonjwa hakufungiwa na mtu anayetafuna. Alijifunza kulegeza misuli na kuhamisha mawazo kwa hiari. Alikaa mbele ya kompyuta na sauti inayomuudhi, akaikatakata, akaipandisha na kuishusha, akaichanganya na picha za kitu anachokipenda, mpaka sauti ikawa kitu anachokichezea. Hiyo ni tofauti kabisa na mjomba anayetafuna kwa nguvu sikioni mwa mpwa wake akisema ni dawa. Sababu ya kitaalamu ni kwamba kuzoesha kwa njia ya kumkabili mtu na anachokiogopa kumethibitika kwa hofu. Misofonia ni hasira na kinyaa zaidi, na hisia hizo hazizimiki upesi namna hiyo.

Kwa haipakusia mambo yako wazi kidogo: mvumo mdogo wa kila siku, unaopandishwa polepole chini ya uangalizi, ndiyo njia inayofuata mantiki ya majaribio ya Formby. Hakuna dawa ya vidonge iliyoidhinishwa kwa misofonia, na anayeiuza mtandaoni anauza kitu kingine.

Udhaifu mkubwa wa msimamo huu ni wa mahali. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 inasema 78% ya nchi za kipato cha chini zina daktari bingwa wa masikio, pua na koo asiyefika mmoja kwa kila watu milioni, na kwa wataalamu wa vipimo vya usikivu ni 93% ya nchi hizo. Kwa mzazi wa Bukavu au Gitega, kumwambia atafute tiba ya makundi kama ya Amsterdam ni mzaha. Wa Dar es Salaam au Nairobi ana nafuu: Muhimbili na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta zina idara za masikio, na wapo wanasaikolojia pamoja na wataalamu wa tiba kazi, wakiwemo waliosomea Moshi, KCMC. Ila hata huko atalazimika kueleza tatizo kwa utulivu, kwa kuwa daktari mwenyewe huenda hajakutana na jina lake.

Wanaosema mazingira yabadilike

Wanaharakati wa usonji hugeuza swali. Kwa nini mtoto ndiye atibiwe na si mji? Hoja yao ina uzito katika miji yetu. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009, Tanzania tangu 2015, na NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, imewahi kufunga baa jijini Dar es Salaam kwa sababu ya kelele. Shule nayo ina mambo ya kubadilisha bila fedha nyingi: kipande cha mpira chini ya miguu ya viti vya chuma, kitanda cha deka kilicho mbali na mlango wa bweni, ruhusa ya kuingia bwaloni dakika kumi kabla ya wengine. Kengele ya rimu la gari haiwezi kuondolewa, lakini mtoto anayeiogopa anaweza kupewa saa ya mkononi, au kupewa kazi ya kuigonga mwenyewe. Kanner angeelewa kwa nini hilo la mwisho hufaa.

Ila hapa kuna kosa linalofanywa na watu wenye nia njema. Kupunguza kelele humsaidia mwenye haipakusia na mwenye usonji, lakini kwa mwenye misofonia ukimya unaweza kuharibu mambo. Katika chumba kilichonyamaza, kamasi ya jirani inasikika kutoka safu ya tatu. Kijana huyu anahitaji sauti kidogo: feni inayozunguka, redio ya chini wakati wa chakula, kiti karibu na dirisha la barabarani. Mwalimu akiwaweka wote "wasiopenda kelele" katika chumba kimoja kimya, atakuwa amemponya mmoja kwa kumtesa mwingine.

Kupima mizani

Ukitazama kilichofanikiwa katika kila kambi, kitu kimoja kinajirudia. Mtoto aliyechunguzwa na Kanner hasumbuliwi na kelele anayoipiga mwenyewe. Mgonjwa wa Amsterdam anaikatakata sauti kwa mkono wake. Sauti za kifaa cha mvumo zinapandishwa polepole. Neno la kuomba kuondoka mezani liko mdomoni mwa kijana. Kote huko, aliyekuwa akivamiwa na sauti amepewa usukani. Na kilichoshindwa nacho kinafanana: adhabu inamnyang'anya usukani, na ulinzi usio na mpaka unampa usukani wa watu wengine badala ya wa sauti.

Kwa kigezo hicho, mabishano ya kulinda au kuzoesha hayana mshindi wa jumla, lakini mpangilio wa hatua upo. Kwanza ni kuuliza swali linalotenganisha magonjwa: je, inamuumiza kwa sababu ni kubwa, kwa sababu ni sauti fulani ya mtu fulani, au kwa sababu hajui itakuja lini? Daftari la wiki mbili, anamoandika kijana mwenyewe sauti, mahali, mtu na ukali, hutoa jibu kuliko kubahatisha. Maumivu ya sikio, kupungua kwa usikivu, kizunguzungu, mvumo wa masikioni, au tatizo lililoanza ghafla au upande mmoja, humpeleka kwa daktari wa masikio kabla ya jambo lolote. Daktari aelezwe pia dawa alizotumia. Kwinini, kwa mfano, inajulikana kwa kuleta mvumo masikioni.

Pili, ulinzi uwepo lakini uwe na saa na mahali pake. Kizibo kwenye basi, hapana chumbani. Mlo mmoja kwa siku pamoja na familia, hata wa dakika kumi, feni ikiwa imewashwa na kijana amekaa pembeni badala ya kutazamana na anayemuudhi, una faida kuliko kujitenga moja kwa moja na kuliko kulazimishwa mpaka mwisho. Dakika zikiongezwa, aongeze yeye.

Tatu ni tiba, pale inapopatikana, kwa kijana ambaye maisha yake yamebanwa. Mzazi asitarajie sauti ziache kumuudhi. Matokeo ya Amsterdam yanaahidi kwamba zaidi ya theluthi moja watapata nafuu ya wazi, na hata hao wengi wao bado huudhika. Wanachopata ni muda mfupi kati ya kusikia na kulipuka. Majaribio haya pia yalifanywa kwa watu wazima zaidi kuliko kwa vijana, jambo linaloifanya familia iwe na haki ya kujaribu kwa miezi kadhaa na kubadilisha njia isipofaa.

Linalobaki nje ya uwezo wa familia ni mtihani wa taifa. Mabaraza ya mitihani ya Kenya na Tanzania yana utaratibu wa kuwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa ziada na mipango mingine, lakini utaratibu huo umejengwa juu ya ulemavu unaojulikana na wenye karatasi ya hospitali. Kijana wa misofonia, ambaye ugonjwa wake haumo katika orodha yoyote, ataingia ukumbini na kukaa mbele ya mwenye mafua kwa saa tatu. Mkuu wa shule hawezi kubadilisha orodha ya Shirika la Afya Duniani, ila mpangilio wa viti vya chumba chake cha mtihani wa majaribio umo mikononi mwake, na ripoti ya mwanasaikolojia iliyoandikwa kidato cha kwanza ina nafasi ya kusikilizwa kuliko barua ya mzazi inayofika wiki moja kabla ya mtihani.